Mjadala: Rekodi za AMCOS zifuate klasi za programu au skima ya XML?

Mleta hoja, Mbeya

Wakuu, habari za kazi. Swali langu ni kwa mnaoandika programu za AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) huku kwetu: kahawa ya Mbozi, chai ya Rungwe, kakao ya Kyela. Rekodi za mkulima zikitoka kwenye programu kwenda kwa mnunuzi au mkaguzi, umbo la hati aliamue nani?

Wengi tunapita njia ya mkato. Tuna klasi ya Java inayoitwa Mkulima, yaani kiolezo cha rekodi ndani ya programu, tunaiwekea alama ya @XmlRootElement juu, na JAXB, maktaba ya Java, inamaliza kazi: obujekti (rekodi moja iliyojazwa) inageuka XML, hati ya maandishi yenye tagi za majina, na XML ikirudi inageuka obujekti. Mimi naipinga njia hiyo kwa data za wakulima. Majina yaliyo ndani ya klasi ni ya mwandishi wa programu, anayabadili anapotaka. Leo ameandika uzito, msimu ujao ameona uzitoKavu ni bora. Hati za msimu uliopita zikisomwa, JAXB ukiiacha ilivyo inaruka tagi isiyoifahamu bila kulalamika, na uzito unabaki sifuri. Hakuna kosa linalotokea kwenye skrini! Mkulima aliyeleta kilo 300 anaonekana hajaleta kitu.

Msimamo wangu: skima, yaani faili la XSD linaloeleza umbo la hati, iandikwe kwanza na wote waikubali. Klasi zizalishwe kutoka humo, na kila hati inayoingia ipimwe kwa skima. Isiyofuata ikataliwe pale pale.

Mchangiaji, Iringa

Mkuu, sikubaliani. JAXB iliingia kwenye Java 6 na ikaondolewa kwenye Java 11, mwaka 2018. Unatushauri tujenge juu ya kitu kilichotolewa? Vijana wanatoka vyuoni wanaijua JSON, muundo mwingine wa kuandika data. Na karani wa kijijini anatumia bando la simu yake. XML inarudia kila jina mara mbili, kufungua na kufunga. Hilo ni salio la mtu.

Mleta hoja

Imetolewa ndani ya JDK (kifurushi cha Java chenyewe), haijafa. Inaendelea kwa jina la Jakarta XML Binding, unaiongeza kwenye mradi kama maktaba nyingine yoyote. Bando nakubali ni hoja, ila ukiibana hati kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa faili, majina yanayojirudia ndiyo yanayopungua zaidi. JSON nayo ukiitoa moja kwa moja kwenye klasi, ugonjwa ni ule ule. Halafu XML huikwepi: mfumo wa malipo ya serikali, GePG, unapokeana ujumbe wa XML wenye sahihi ya kidijitali. Anayetaka kuunganisha chama na namba za malipo ataikuta huko.

Mchangiaji, Iringa

Kwenye GePG umenipata. Lakini skima inafunga mikono. Mnunuzi akitaka sehemu mpya katikati ya msimu, tuitishe kikao?

Mhasibu, Mbozi

Wadogo zangu, mimi siandiki programu. Nafunga vitabu vya chama, na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, wakija kukagua wananiuliza mimi. Kijana aliyetengeneza programu akishapata kazi Dar, simu hapokei, na faili zake hakuna anayezifungua. Hiyo skima ikiandikwa, inakaa kwa nani?

Mleta hoja

Dada, ikae kwako. Faili la XSD liwe mali ya chama, litunzwe pamoja na daftari la wanachama, na mkataba wa mwandishi wa programu ulitaje. Kaka wa Iringa, sehemu mpya iwekwe kama ya hiari, minOccurs sifuri, hati za zamani zitaendelea kupita. Badiliko kubwa lipewe namba mpya ya toleo kwenye elementi ya juu, na skima ya zamani isifutwe. Anayeona hili halitekelezeki kwa chama chenye kompyuta moja, alete sababu zake tuzipime.