Utafiti wa vikundi kuhusu teknolojia mpya katika somo la Kiingereza: tuanzie wapi na Kidato cha Pili?

MwalimuSingida:

Habari za kazi, walimu wenzangu. Ninafundisha Kiingereza Kidato cha Pili katika shule ya kata mkoani Singida. Muhula ujao ninataka wanafunzi wangu wafanye utafiti kwa vikundi kuhusu teknolojia mpya, kisha waeleze kwa Kiingereza walichokipata. Shabaha yangu si kuzalisha wataalamu wa kompyuta. Ninachotaka ni watoto wapate sababu ya kweli ya kusoma, kuuliza, kuandika na kuzungumza kwa lugha ambayo ghafla imekuwa lugha ya karibu masomo yao yote, baada ya miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi.

Hali yetu wengi mnaifahamu. Darasa lina wanafunzi themanini, intaneti ni ya kubahatisha, na chombo nilicho nacho ni kishikwambi, kimoja kati ya vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 na baadaye kugawiwa walimu. Nilipowauliza wanafunzi wangependa kuchunguza nini, karibu wote walitaja roboti, akili mnemba na magari yasiyo na dereva. Hofu yangu ni kwamba mwenye simujanja nyumbani atanakili ukurasa mzima, msemaji mmoja mwenye Kiingereza kizuri atausoma mbele ya darasa, na wenzake watapiga makofi bila kuambulia kitu.

Ninaomba ushauri katika mambo matatu: mada ipi inafaa, Kiswahili kiruhusiwe kwa kiasi gani, na nisahihishe vipi ili mtoto mkimya naye aonekane.

Mwl. Fizikia, Morogoro:

Mwalimu, hongera kwa kulifikiria jambo hili mapema. Kwa maoni yangu, mada ya magari yasiyo na dereva ndiyo inayozaa unakili unaouhofia, kwa kuwa mwanafunzi wa Singida hana pa kwenda kuhakiki alichosoma, wala hana habari yoyote ambayo mtandao hauna. Chagua teknolojia iliyo ukutani mwa nyumba zao, halafu uliza swali ambalo hata wazazi hawajawahi kulijibu.

Mimi ningeanza na mita ya LUKU, ile ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Kila mtoto aliyewahi kutumwa kuingiza umeme anajua kwamba tokeni ina tarakimu 20 na kwamba ukikosea moja tu mita inakataa. Swali la utafiti liwe hili: mita ambayo haikupigiwa simu na mtu yeyote inajuaje kwamba tarakimu hizo ni zake na si za jirani? Jibu linafikika. Tarakimu zile hubeba, kwa njia ya fumbo, idadi ya yuniti zilizonunuliwa na wakati tokeni ilipotengenezwa, na kila mita ina ufunguo wake wa kufumbulia, kwa hiyo tokeni ya jirani haifumbuki kwangu. Zaidi ya hayo, mita huweka kumbukumbu ya tokeni ilizokwisha kuzipokea, na ndiyo maana tokeni moja haiingii mara mbili.

Utamu wenyewe uko kwenye hesabu ya wakati. Mfumo huu, ulioanzia Afrika Kusini na sasa unatumika katika nchi nyingi, ulikuwa ukihesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24 (nafasi 24 za 0 au 1), zinazotosha dakika 16,777,216 na si zaidi. Waache wanafunzi wagawanye kwa 1,440, ambazo ndizo dakika za siku moja, kisha wazihesabu siku hizo mbele kwenye kalenda wakikumbuka miaka mirefu, ile yenye siku 366. Watafika wenyewe kwenye tarehe 24 Novemba 2024, siku ambayo nafasi hiyo ilijaa. Hiyo ndiyo sababu kabla ya tarehe hiyo wateja wa TANESCO, shirika la umeme, walipewa makundi ya ziada ya tarakimu 20 ili wayaingize kwanza na mita ianze hesabu upya, ndipo waingize tokeni ya umeme. Nyumba nyingi zinaikumbuka shughuli hiyo, lakini ni wachache waliowahi kuelezwa hesabu iliyokuwa nyuma yake. Nimeona darasani jinsi mtoto anavyobadilika anapogundua kwamba ameshika jibu ambalo watu wazima wa nyumbani kwake hawana. Hata Kiingereza kikimpiga chenga ataendelea kusema mpaka aeleweke.

Kwa usalama, watumie risiti za tokeni zilizokwisha kuingizwa, ambazo haziwezi kutumika tena, na mita yoyote isifunguliwe.

Bi. Taaluma, Mbeya:

Ninaiunga mkono mada ya LUKU, na nitajibu maswali mawili yaliyobaki.

Kuhusu Kiswahili, msimamo wangu ni kwamba watoto wafikiri na kubishana kwa lugha wanayoimudu, na Kiingereza kiingie pale ambapo tayari wana jambo la kusema. Ukilazimisha Kiingereza tangu dakika ya kwanza, watazungumza wawili na waliobaki watainamia madaftari. Mahojiano na fundi umeme au wakala anayeuza tokeni yafanywe kwa Kiswahili, kwa sababu fundi naye anastahili kujieleza bila kubabaika, lakini taarifa inayorudi darasani iandikwe kwa Kiingereza. Hapo ndipo zoezi lilipo, na hakuna ukurasa wa kunakili, maana maneno ya fundi wa mtaani kwenu hayapo popote mtandaoni. Mwombe mkuu wa shule barua ya utambulisho, kwa kuwa mawakala huwa na wasiwasi wakiulizwa habari za fedha na watu wasiowafahamu.

Kuhusu mtoto mkimya, ondoa kabisa cheo cha msemaji. Kuna utaratibu ambao mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliuanzisha mwaka 1971 katika shule za Austin, Texas, wakati shule hizo zilipoanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico waliokuwa hawaaminiani. Mada hugawanywa vipande, na kila mtoto katika kikundi hupewa kipande kimoja ambacho wenzake hawana. Kwa darasa lako la themanini, unda vikundi 16 vya watoto watano, na vipande viwe vitano: namna tokeni inavyofumbuliwa, hesabu ya tarehe, mahojiano na wakala, mahojiano na fundi, na namna watu walivyolipia umeme kabla ya mita hizi. Wenye kipande kimoja watakuwa 16, nao ni wengi mno kukaa pamoja, kwa hiyo wagawe wanne wanne. Hao wanne huandaa maelezo yao, hurekebishana matamshi, na hujaribu kuyasema kwa Kiingereza mpaka kila mmoja ameweza. Ndipo kila mtoto hurudi kwenye kikundi chake, ambako yeye peke yake ndiye mwenye habari hiyo, na wenzake wanalazimika kumsikiliza na kumuuliza.

Wabandikie ukutani mianzo michache ya sentensi, kama vile “We found out that…”, “According to the electrician…” na “Can you explain that again?”. Huo wa tatu nauthamini kuliko yote, kwa sababu watoto wetu wamezoea kunyamaza wasipoelewa.

Katika kusahihisha, mpe kila mwanafunzi karatasi yake mwenyewe yenye maswali mafupi kuhusu vipande vyote vitano. Alama za kipande chake zitakuonyesha alivyojiandaa, na alama za vipande vya wenzake zitakuonyesha kama walielezana kweli.

Mwalimu wa Kilifi:

Salamu kutoka Kenya. Ninafundisha sekondari msingi, na nina mawili ya kuongeza.

Kwanza, ninatofautiana kidogo na Bi. Taaluma. Mahojiano yafanywe kwa Kiswahili, sawa, ila maswali yaandikwe kwa Kiingereza kabla watoto hawajatoka. Kuunda swali ni kazi ngumu kuliko kujibu, na katika mtaala wetu wenye mazoezi mengi ya kujibu, mtoto anaweza kumaliza mwaka bila kuuliza swali hata moja la kwake kwa Kiingereza.

Pili, msiifukuze akili unde, yaani ile akili mnemba waliyoitaja wanafunzi. Baada ya vikundi kumaliza kazi yao, mwalimu aiulize programu mojawapo swali lile lile la mita, alete jibu lake kwenye karatasi, kisha wanafunzi walipitie sentensi kwa sentensi wakisema ipi inakubaliana na walichokipata, ipi inapingana nacho, na ipi hawawezi kuithibitisha. Hapo watajifunza namna ya kuitumia teknolojia hiyo bila kuiamini kwa upofu, na watakuwa wakisoma Kiingereza kwa umakini ambao sijauona katika zoezi lolote la ufahamu.

Kuhusu intaneti ya kubahatisha, programu ya Kiwix huhifadhi Wikipedia ndani ya kifaa. Pakua mara moja ukiwa penye mtandao mzuri, na uchague toleo la Kiingereza chepesi lisilo na picha.

MwalimuSingida:

Ninawashukuru sana. Nitaanza na LUKU, nitatumia mgawanyo wa vipande vitano, na ushauri wa kuandika maswali mapema nimeupokea. Limebaki jambo moja linalonigusa: baadhi ya wanafunzi wangu wanatoka vitongoji ambavyo gridi haijafika, na nyumbani wanatumia sola. Nisingependa wakae kando wakisikiliza habari za mita wasiyokuwa nayo.

Mwl. Fizikia, Morogoro:

Hao wasihamishiwe mada nyingine. Wape kipande cha sita. Vipo vifaa vya sola vinavyolipiwa kidogo kidogo kwa simu, ambavyo hujifunga malipo yakikoma na kufunguka tena yakifanyika. Waulize wenye vifaa hivyo wachunguze: kifaa kinajuaje kwamba mwenyewe amelipa? Vingine huingizwa namba, karibu sawa na LUKU, na vingine vina laini ya simu ndani ambayo hupokea taarifa moja kwa moja. Watoto waangalie cha nyumbani ni cha aina gani, wamuulize aliyekifunga, na waje na jibu. Darasa zima litawahitaji hao, kwa sababu mwenye mita ya LUKU hataelewa vizuri kwa nini mita yake haihitaji mtandao mpaka asikie habari za kifaa kinachouhitaji.