Tumetoka kwenye pepa la hesabu watu watano, majibu matano. Nani yuko sahihi?

Mtahiniwa_Dirishani:
Wakuu habari za saa hizi. Leo tumemaliza pepa la hesabu, limekusanywa na hakuna aliyebaki kulifanya kwa hiyo msianze kunishutumu navujisha. Nilitoka humo ndani natabasamu kabisa, nikajua nimeliua, kosa langu nikasimama na wenzangu wanne hapo nje tukaanza "swali la 3 umepata ngapi". Jamani. Hakuna swali hata moja tulilofanana wote watano, sasa hivi tumbo moto, chakula hakipiti. Nimeandika yale yaliyotugombanisha kama ninavyoyakumbuka:

Swali la 3, tafuta thamani zote za x kuanzia nyuzi 0 mpaka 360 kama 2sin²x = sin x. Mimi nina 30 na 150. Mmoja ana majibu matano (!!) na jamaa yetu mwingine ana 0.52 na 179.48, hizo sijui kazitoa wapi na mwenyewe anazitetea kwa nguvu zote.

Swali la 5, karatasi ngumu ya mraba sentimita 24 kwa 24, unakata vimraba vinne vya upande x kwenye kona halafu unakunja upate boksi lisilo na mfuniko, kwa kutumia difrensiesheni tafuta ujazo mkubwa kabisa unaowezekana. Nimepata 4.

Swali la 6, mfuko una mipira 5 myekundu na 3 ya bluu, unatoa miwili mmoja baada ya mwingine bila kurudisha, uwezekano wa kupata rangi tofauti. Mimi 15/28, mwingine 15/56, mwingine 15/32.

Swali la 7, gari limekwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ileile kwa 40, wastani wa mwendo safari nzima. Nimejaza 50, nilicheka hata nikaona aibu kwa urahisi wake.

Swali la 8, log₂x + log₂(x−2) = 3. Nina 4 na −2.

Lile la pembetatu hatukulijadili, kila mtu aliona ni maksi za bure. Haya nipeni ukweli ila kwa upole, jana nilikesha na difrensiesheni na kalkuleta mbili mezani hadi macho yakawa mekundu.

KonaYaMraba:
Pole mkuu, kwa upole huohuo ulioomba: la 7 umeliwa. Swali la hesabu likikuchekesha ndani ya chumba cha mtihani ujue lenyewe ndilo linakucheka. Chukua umbali wowote, tuseme kilomita 120 kwenda. Kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla kilomita 240 kwa saa 5, ni 48. Gari limekaa muda mrefu zaidi kwenye ule mwendo wa polepole kwa hiyo wastani unavutwa upande wa 40, huwezi tu kujumlisha ukagawa kwa mbili.

La 8 jibu ni 4 peke yake. x(x−2) = 8, unapata 4 na −2 kweli, lakini rudisha −2 kwenye swali uone, log ya namba hasi unaitoa wapi? Hiyo −2 ilitakiwa uiandike halafu uikatae kwa maneno.

La 6 uko sawa, 15/28.

Mtahiniwa_Dirishani:
Aisee 48... na niliimaliza ile kwa sekunde kumi nikasema muda huu naubana nikatumie kwenye boksi.

chenga_tupu:
Mimi ndo mwenye 15/56 lol, sio wa kundi lake ila nami nimepata hiyohiyo. 5/8 mara 3/7 inakuwa 15/56, kosa liko wapi hapo? nyekundu kwanza halafu bluu

KonaYaMraba:
@chenga_tupu umejijibu mwenyewe, "nyekundu kwanza halafu bluu". Na bluu ikitangulia je? Hiyo nayo ni rangi tofauti, 3/8 mara 5/7, nyingine 15/56, zijumlishe 30/56 ndiyo 15/28. Njia ya kujihakiki: nyekundu mbili ni 20/56, bluu mbili 6/56, mchanganyiko 30/56, jumla 56/56 hakuna kilichobaki mfukoni. Ukichukua 15 yako jumla inakuja 41/56, sasa hizo 15 nyingine zimeyeyuka? Yule wa 15/32 yeye karudisha mpira kwenye mfuko wakati swali limesema usirudishe, hakusoma tu.

Bi_Kipeuo:
Nimefundisha hesabu miaka mingi na hii mikutano ya nje ya mlango naijua, mnatiana presha bure na aliyekosea ndiye anaongea kwa sauti kubwa kuliko wote. Lakini kwa vile mmeshaanza, tuongee swali la 3 maana hapo ndipo watu wengi wanaangukia na wanaamini wamefanya vizuri.

Mdogo wangu Mtahiniwa, bila shaka ulichofanya ni kugawa pande zote mbili kwa sin x, ukabaki na 2sin x = 1, sin x = ½, 30 na 150. Safi na fupi. Ila umegawa kwa kitu ambacho hukijui thamani yake, na kama kitu hicho ni sifuri hauna ruhusa ya kugawa. Angalia mfano mdogo, x² = x. Ukigawa kwa x unapata x = 1, sawa, lakini 0 nayo inakubali na wewe umeitupa. Ndivyo ilivyo hapa. Hamisha upande mmoja, 2sin²x − sin x = 0, toa sin x nje, sin x(2sin x − 1) = 0. Ama sin x = 0, ambayo ni 0, 180 na 360, ama sin x = ½ ambayo ni 30 na 150. Mwenzio mwenye matano ndiye aliyepata, kampe heshima yake.

Mtahiniwa_Dirishani:
Mwalimu nimeishiwa nguvu. Kwa hiyo la 3 nimekosa lote?

Bi_Kipeuo:
Sijasema hivyo. Miongozo mingi ya kusahihishia inatenganisha alama za njia na alama za jibu, na hizo 30 na 150 ni sahihi, zimepungua wenzake tu. Sijui swali lilikuwa na alama ngapi ila si sifuri.

Kwenye boksi ndiko nina maswali na wewe. "Nimepata 4." Nne ya nini?

Mtahiniwa_Dirishani:
x = 4... V = x(24−2x)², nikadifrenshieti, nikapata (24−2x)(24−6x) = 0, x ni 12 au 4, 12 nikaikataa kwa sababu ukikata 12 kila kona karatasi yote imeisha hakuna boksi, nikabaki na 4 nikapiga mstari chini mara mbili.

KonaYaMraba:
Ukapiga mstari na swali linataka UJAZO 😭😭 kati ya mstari wako na jibu kulikuwa na hatua moja tu, 16 mara 16 mara 4, sentimita za ujazo 1024. Kazi yote ngumu umeifanya halafu umekaa mlangoni hukuingia.

Mtahiniwa_Dirishani:
Naomba nisiongee kwanza

chenga_tupu:
Mimi 1024 ninayo!! ila sikudifrenshieti, nilisahau kabisa ile kanuni ya kuzidisha, nikapanga tu jedwali. x=1 ujazo 484, x=2 ni 800, x=3 ni 972, x=4 ni 1024, x=5 ikashuka 980, nikasema basi ni 4 nikaondoka. Hapo vipi mwalimu

Bi_Kipeuo:
Akili unayo chenga, na jina lako linakusingizia. Shida ni mbili. Swali kwa alivyoliandika mwenzio limetaja difrensiesheni, kwa hiyo alama za njia ile hujazigusa. Ya pili ni kwamba jedwali lako limepita kwenye namba kamili tu, ungejuaje kwamba 3.8 au 4.2 haizidi 1024? Imetokea kilele kimeangukia kwenye namba kamili, ingekuwa karatasi ya sentimita 25 kilele kiko kwenye 25/6, jedwali lingekupa 4 na ungekosa. Lakini jibu lipo na jedwali linaonekana, na msahihishaji anaweza tu kusahihisha kinachoonekana. Kuna watu waliacha ukurasa mweupe kwenye swali hilo, wewe si mmoja wao.

KonaYaMraba:
Mimi bado niko kwenye ile 0.52 na 179.48. Mtu anapataje 0.52 kwenye swali la nyuzi?

Bi_Kipeuo:
Hilo jepesi, nilitaka muone wenyewe. Pi gawanya kwa 6 ni ngapi?

KonaYaMraba:
0.5236. Ahaaa! Kalkuleta ilikuwa kwenye radiani, kile kipimo kingine cha pembe, badala ya nyuzi! Nyuzi 30 ndiyo 0.52 ya radiani, halafu kachukua 180 akatoa 0.52 akapata 179.48, yaani nusu radiani nusu nyuzi kwenye mstari mmoja.

mwenye_0.52:
Wanajukwaa huyo jamaa ni mimi, nimetumiwa linki sasa hivi. Kwa hiyo nilikuwa sahihi ila kwa lugha nyingine?

Bi_Kipeuo:
Ile 0.52 unaweza kusema hivyo. Ile 179.48 haina lugha.

mwenye_0.52:
Sawa nimekubali. Ila mwalimu sasa naogopa kitu kingine. Lile la pembetatu, pande 7 na 8, pembe katikati yao nyuzi 120, tafuta upande wa tatu. Nilitumia kalkuleta ileile nikapata 4.67. Wengine mmepata ngapi?

chenga_tupu:
13

KonaYaMraba:
13. 49 + 64 jumlisha 56 ni 169. Pole sana ndugu, imepiga cos ya radiani 120 badala ya nyuzi, inatoka 0.81 wakati ulitakiwa upate −0.5. Na upande unaotazama pembe ya 120 lazima uwe mrefu kuliko yote, wewe umeuandika mfupi kuliko yote, hukushtuka?

mwenye_0.52:
Nilishtuka. Nikapiga tena mara tatu, ikaleta 4.67 mara tatu, nikasema mashine haiwezi kukosea mara tatu.

Lakini mimi hiyo radiani sijawahi kuiweka, hata sijui inawekwaje. Kalkuleta yangu iliisha betri, asubuhi kabla hatujaingia Mtahiniwa akaniazima moja ya zake.

KonaYaMraba:
@Mtahiniwa_Dirishani "jana nilikesha na difrensiesheni na kalkuleta mbili mezani" 👀

Mtahiniwa_Dirishani:
Kuna maswali ya sin na cos nilikuwa nayadifrenshieti kama saa nane usiku, yale yanataka radiani. Nikalala.

mwenye_0.52:
Uko wapi sasa hivi