Matofali ya LEGO yamejaa nyumbani: yapangwe kwa rangi, kwa umbo au kwa seti?

MamaWatatu_Mbezi

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu namna ya kupanga na kutunza matofali ya kuchezea ya LEGO, ambayo yamezidi kuongezeka nyumbani kwetu mwaka hadi mwaka. Sehemu kubwa imetoka kwa shangazi yao watoto anayeishi Ujerumani; kila akija likizo huleta seti mpya pamoja na mfuko wa vipande vilivyokwisha kutumika, ambavyo huvinunua kwenye masoko ya mitumba ya huko. Kwa sasa vyote vimo ndani ya ndoo mbili za lita 20, zile za rangi ya ukutani, na mtoto anayetafuta kipande kimoja kidogo hana budi kuimwaga ndoo nzima sebuleni.

Chumba cha watoto ni kidogo, vumbi na unyevu wa bahari havikosekani, na tuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye kila anachookota hukipeleka mdomoni. Baba yao anataka tupange kwa rangi. Kijana wetu wa miaka 11 anataka kila seti ikae peke yake. Mimi ninachotafuta ni mpangilio ambao watoto wenyewe wanaweza kuudumisha bila kusimamiwa kila jioni. Ninyi wenye uzoefu mmefanyaje, na ni vyombo gani vya madukani kwetu vinavyofaa kwa kazi hii?

Vinundu_Mombasa

Dada, karibu sana. Kwa maoni yangu msianze na rangi. Mkiweka vipande vyote vyekundu pamoja, kile kibamba (kipande chembamba) kidogo chenye kinundu kimoja, yaani kile kichomozo cha juu kinachoshikanisha vipande, kitapotea katikati ya wenzake wa rangi ileile, ilhali mkiweka vibamba vyote vidogo pamoja, chekundu kitaonekana mara moja kati ya vyeupe na vya buluu. Jicho hukamata rangi haraka kuliko umbo, kwa hiyo liachieni jicho kazi ya rangi, na mikono yenu ifanye kazi ya kutenga maumbo.

Kwa kuanzia tengeni matofali ya kawaida, vibamba vyembamba (vitatu vikipandana hufikia kimo cha tofali moja), vile bapa visivyo na vinundu juu, vya mteremko vinavyotumika kujengea mapaa, magurudumu na ekseli zake, milango na madirisha, vijitu na vifaa vyao, halafu vile vya Technic (LEGO ya kujengea mitambo) vyenye matundu, gia na pini. Msizidishe makundi kabla ya kuona haja. Kundi likijaa hadi kutafuta ndani yake kukawa usumbufu, hapo ndipo mligawe mara mbili, na kama tayari lina umbo la aina moja tu, basi hapo rangi inaweza kutumika bila madhara, na baba watoto naye atakuwa amesikilizwa.

Kinachochosha ni kuchambua. Tandikeni shuka kuukuu sakafuni, mchukue kikapu cha plastiki chenye matundu mapana, kile cha kuwekea matunda, mkitie konzi chache za vipande, kisha mkitikise juu ya beseni. Pini za Technic na vibamba vidogo vitaanguka vyote, na matofali makubwa yatabaki kikapuni. Vilivyoanguka vipitisheni tena kwenye chujio lenye matundu madogo zaidi. Mkifanya hivyo kabla ya kuanza kuokota kimoja kimoja, nusu ya kazi mtakuwa mmeimaliza, na watoto hupenda sana kutikisa.

Kuhusu vyombo, chagueni vipana visivyo na kina kirefu na vinavyoonyesha kilichomo. Chombo chenye kina cha sentimita 10 hadi 15 mtoto hukipekua kwa mkono bila kukimwaga, tena huingia chini ya kitanda. Kwa vipande vidogo sana, kile kisanduku cha fundi chenye vyumba vya skrubu kinafaa, lakini kabla ya kukilipia kifunge na ukitazame kwa ubavu: kuta za ndani ziwe zinafika hadi kwenye mfuniko. Zikiwa fupi hata kidogo, siku mtoto atakapokibeba wima kwa mpini wake, kila kitu kitapita juu ya kuta na kuchanganyika. Trei za mayai za karatasi msizihifadhie vitu, kwa sababu hunyonya unyevu na mende huzipenda. Za plastiki ni nzuri mezani wakati wa kujenga.

Msomaji_Aarhus

Ndugu wa Mombasa ameeleza vizuri, ila naomba kumtetea kijana. Seti ambayo bado imekamilika, hasa ile anayopenda kuijenga upya, ina haki ya kukaa peke yake kwenye mfuko wa zipu ulioandikwa namba ya seti kwa kalamu isiyofutika. Namba hiyo ipo kwenye boksi na kwenye jalada la kitabu cha maelekezo, na kwa kutumia namba hiyo vitabu vingi hupatikana bure kwenye tovuti ya LEGO, kwa hiyo karatasi ikichanika seti haijaharibika. Seti ambayo imeshapoteza vipande vyake vingi, kwa upande mwingine, ichanganywe na ya jumla bila majonzi.

Vile vya mitumba visiwatie wasiwasi. Kampuni ilianza mwaka 1932 huko Billund hapa Denmark, na muundo wa tofali tunaoujua leo uliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958. Tofali la enzi hizo bado linashikana na la leo, hivyo hakuna sababu ya kutenga ya zamani na mapya. Yanayohitaji kutazamwa ni yale ya kabla ya 1963, kwa kuwa yalitengenezwa kwa plastiki nyingine iliyokuwa ikipinda, kabla ya kiwanda kuhamia kwenye plastiki ngumu iitwayo ABS.

Kwa kijana wa miaka 11 nina pendekezo moja zaidi. Mwambie ageuze kipande atazame kwa ndani kwenye mwanga: vingi vina namba ndogo iliyochomoza, kama 3001 kwenye tofali la vinundu viwili kwa vinne, au 3023 kwenye kibamba cha vinundu viwili. Kwa namba hizo anaweza kutafuta kipande kilichopotea kwenye soko la mtandaoni la BrickLink, na akisajili seti zake kwenye tovuti ya Rebrickable ataonyeshwa vitu vingine anavyoweza kujenga kwa vipande alivyonavyo tayari. Akizoea, atachambua kwa hamu yake mwenyewe.

Mlezi_wa_Klabu_Arusha

Ninalea klabu ya watoto ya ujenzi na roboti, na shida ya kudumisha mpangilio tunaishi nayo. Mtoto hachoki kutoa, anachoka kurudisha. Kwa hiyo wekeni chombo kimoja cha ziada kiitwe cha kurudishia, ambamo kila kitu hutupwa bila kupangwa baada ya mchezo, na uchambuzi ufanyike siku moja ya wiki wote mkiwa pamoja. Mkimlazimisha apange kila jioni akiwa na usingizi, kabla ya mwezi kwisha atakuwa anaficha vipande chini ya godoro.

Lebo za maandishi hazimsaidii asiyejua kusoma. Bandikeni kwa gundi kipande halisi nje ya kila chombo, upande unaotazama mlangoni. Vipande vilivyong'ang'aniana vitenganishwe kwa kile kibanuo cha plastiki kinachokuja na baadhi ya seti, kamwe visitenganishwe kwa meno, maana alama za meno hazifutiki. Na kama kuna mota au taa, toeni betri kabla ya kuhifadhi. Hewa ya pwani ikikutana na betri iliyovuja, sehemu za chuma huliwa haraka.

MamaWatatu_Mbezi

Nawashukuru wote, na kijana amefurahi kupata wakili. Yamebaki mambo mawili: namna ya kuosha vile vya mitumba, ambavyo baadhi vyeupe vimegeuka manjano, na usalama wa huyu mdogo.

Vinundu_Mombasa

Dada, osheni kwa mikono katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, kwa sabuni laini ya kuoshea vyombo, vipande vikiwa ndani ya mfuko wa neti ili vidogo visitoroke. Vya umeme na vyenye stika visiingie majini. Hivyo pangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu. Baada ya kusuuza, vikung'uteni, mvitandaze kwenye taulo, upande wenye uwazi ukitazama chini, kwa sababu maji hujificha kwenye mirija ya ndani. Vikae kivulini penye feni hadi kesho yake kabla ya kufunikwa. Msianike juani wala kutumia mashine ya kukaushia nywele. Hiyo manjano yenyewe huletwa na miali ya jua, hivyo hata kabati lisiwe mkabala na dirisha. Wapo wanaoloweka vyeupe kwenye haidrojeni peroksaidi ili virudi rangi yake, lakini manjano huweza kurejea baadaye, na nyumbani penye mtoto mdogo siishauri dawa hiyo.

Kuhusu mdogo, vipande vya kawaida si vya mtoto aliye chini ya miaka 3. Mpeni Duplo, yaani LEGO ya matofali makubwa ya watoto wadogo, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1969 na ambayo kila upande wake ni mara mbili ya tofali la kawaida, nayo iwe na sanduku lake chini anapolifikia. Hapa kaka zake waelezwe mapema: matofali ya kawaida hushikana na ya Duplo, kwa hiyo watashawishika kujenga naye kwa kuchanganya, na kipande kimoja kikibaki kimenasa juu ya Duplo kitaingia sandukuni mwake bila mtu kujua. Wao wajengee mezani, ndani ya sinia au trei yenye kingo, na kila Duplo ipitiwe kwa kidole juu na chini kabla haijarudi kwa mwenyewe.