Naomba ushauri: ukuta wa matofali ya kuchoma kwenye mteremko wenye mwamba

Ndugu zangu, habari za majukumu. Ninakusudia kujenga kwa mikono yangu ukuta wa uzio, wenye kimo cha mita 1, nyuma ya nyumba yangu Bugarika, hapa Mwanza, kwa matofali ya kuchoma yaliyobaki nyumba ilipojengwa. Kanuni za awali ninazifahamu: matofali yaloweshwe ili yasinyonye maji ya mota (mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji), viungo vya kozi moja, yaani safu moja ya matofali, visilingane na vya kozi iliyo chini yake, na kila kozi ifuate uzi na kukaguliwa kwa pima maji na timazi.

Kinachonitatiza ni ardhi yenyewe. Kama mnavyoijua milima yetu, upande mmoja wa kiwanja ni mwamba mtupu, na mita chache chini yake ni udongo laini unaosombwa na mvua. Je, msingi niupandishe kwa vidato, kama ngazi, hadi juu ya mwamba, au ni salama zaidi kuugawa ukuta vipande viwili, kwa kuacha mwanya pale mwamba unapoishia, ili upande wa udongo ukititia usiupasue ukuta wote?

Naomba pia kujua kama ndoo 1 ya saruji kwa 6 za mchanga inatosha. Jirani anasisitiza 1 kwa 4, nami nahofia mota itakayokuwa ngumu kuliko tofali lenyewe (na matofali yetu, tukubaliane, si magumu sana). Mwenye uzoefu anieleze vilevile matundu ya kupitishia maji ya mvua yapishane kwa umbali gani.