Moshi wa sigara majumbani: vijiji vya mbali vya Waaborijini wanaupunguzaje?

Mwanagenzi_Afya
Wakuu, naomba maelezo ya kiutendaji, sera tunazijua. Kule Arnhem Land, Kimberley na Cape York nchini Australia, Waaborijini (wenyeji wa asili) wanauondoaje moshi wa sigara ndani ya nyumba? Nyumba moja hulala vizazi vitatu, na mvutaji mara nyingi ndiye mkubwa wa familia. Stika ya "Usivute humu" inafaa kitu? Na utajuaje kama hewa imebadilika?

Nahodha77
Stika peke yake haitoshi, lakini usiidharau. Kwa mila za Waaborijini wengi kuna ndugu wasiosemezana ana kwa ana, mfano mkwe na mama mkwe. Kijana naye hamkanyi mzee. Stika ndiyo inayosema kwa niaba yao. Kwa hiyo iandikwe kwa lugha ya pale pale (Yolŋu Matha kaskazini-mashariki mwa Arnhem Land, Pitjantjatjara kule jangwani), ichorwe na msanii wa kijijini, na mwenye nyumba aibandike kwa mkono wake baada ya familia kukaa kikao. Ikija imeshachapwa mjini Darwin, itageuka pambo la friji.

Kanuni iwe fupi: havuti mtu ndani, barazani wala garini. Wengi hukwamia hapo barazani. Joto likizidi watoto hulala huko huko, na madirisha ya vioo vya mlalo hayafungi sawasawa, moshi unapenya. Kutenga chumba kimoja cha wavutaji pia hakusaidii, maana moshi unapita chini ya mlango.

Halafu andaa pa kuvutia, mita 10 hivi kutoka mlangoni, upande ambao upepo hauelekei nyumbani: paa, benchi, taa, na debe la mchanga la kuzimia vichungi. Pasipo paa, mvua za Novemba hadi Aprili zitawarudisha ndani. Pasipo taa, usiku hatoki mtu.

FundiHewa
Naongezea viyoyozi. Cha ukutani kinazungusha hewa ile ile, kwa hiyo kinaupoza moshi tu. Cha jangwani kinachotumia maji huvuta hewa ya nje kupitia pedi zilizolowa. Ukiliweka benchi la wavutaji karibu na mdomo wake, umeuingiza moshi wote chumbani kwa mashine. Kagua kilipofungwa kabla hujachimbia nguzo.

Kupima: tumia kipima cha leza kinachosoma PM2.5, yaani chembe ndogo mno za hewani zinazofika ndani ya mapafu. Kiweke wanapolala watoto, kimo cha mita 1, mbali na jiko na dirisha. Siku 7 kabla ya kanuni, siku 7 baada. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri wastani usiozidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24.

Mitego iko mitatu. Kiangazi nyasi huchomwa kaskazini kote, namba zinapanda hata kama hakuna sigara, kwa hiyo weka kipima cha pili nje ulinganishe. Dawa ya mbu ya kuwasha nayo inatoa chembe nyingi. Na unyevu mkubwa wa masika huvidanganya vipima vya bei nafuu. Sigara utaitambua kwa umbo la grafu: mwiba unaopanda ghafla, kisha mteremko wa polepole.

Grafu ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba. Ukiibandika dukani, kesho hufunguliwi mlango.

BintiSudi
Lugha ya mazungumzo nayo ina uzito. Usianzie kwenye mapafu ya mvutaji, anza na masikio ya mtoto. Masikio kutoa usaha ni tatizo kubwa katika vijiji hivyo, na kuvuta moshi wa sigara ya mtu mwingine ni mojawapo ya vichocheo.

Usihubiri pia. Tumbaku ilifika Arnhem Land na mabaharia wa Makassar (Indonesia ya leo), Wazungu bado hawajafika. Baadaye misheni na ranchi za ng'ombe zikaigawa kama posho, badala ya ujira. Watu wanalikumbuka hilo. Na sigara hugawanwa kama chakula, kwa hiyo ukimwambia mtu "usimpe ndugu yako" umeshaharibu. Mwambie ampe, wakavutie nje.

Mwanagenzi_Afya
Asanteni sana. Na mzee asiyeweza kutembea hadi kwenye benchi?

Nahodha77
Vibandiko vya nikotini, kupitia zahanati. Waaborijini wanaruhusiwa kozi 2 za wiki 12 kwa mwaka kwa ruzuku ya serikali. Hata asiye tayari kuacha vinaweza kumpunguzia hamu saa anazokaa ndani. Muuguzi ndiye apange kipimo. Jasho hubandua, kwa hiyo kiwekwe kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, kikandamizwe sekunde 10, na kila siku kihamishwe sehemu.

Na benchi lenyewe lijengewe njia ya zege isiyo na ngazi, kiti cha magurudumu kipite.