Naomba ushauri: kupima likeni ya njano Mlima Kenya

Hamjambo ndugu zangu. Nakadiria umri wa mawe yaliyoachwa na barafuto ya Lewis (mto wa barafu wa mlima huo) kwa kupima Rhizocarpon geographicum, ile likeni (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja juu ya mwamba) ya njano-kijani yenye mistari myeusi kama ramani: doa likiwa kubwa, jiwe limekaa wazi muda mrefu zaidi. Kwa kawaida haikui hata milimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo kosa dogo la rula ni miaka mingi. Nimedondosha iodini, sehemu ya ndani ikageuka buluu, basi nadhani spishi ndiyo yenyewe. Kinachonikwamisha ni madoa ya likeni yaliyoungana: nipime kipenyo kirefu, kifupi, au niyaache kabisa? Na kasi ya ukuaji iliyopimwa milima ya Alps, yafaa kweli kutumika hapa ikweta? Naogopa kazi ya miezi mitatu isiharibike. Natanguliza shukrani.