Naomba ushauri: insulini, zamu na msimamizi

Hamjambo wanajamii. Swali ni kwa wenye kisukari aina ya kwanza wanaofanya kazi za zamu hapa Nairobi, hasa kaunta na maghala.

Upande wa dawa uko wazi. Chupa ya insulini isiyofunguliwa hukaa frijini, nyuzi 2 hadi 8, mbali na friza, maana ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa, nyingi hudumu siku 28 hivi chini ya nyuzi 30. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 (mmol/L): vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, pima tena. (Biskuti hapana, mafuta yake huchelewesha sukari.)

Shida ni hizo dakika 15. Mtu anaonekana mzima, akiketi anaitwa mvivu. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu. Haisaidii mtu anayetaka kuketi kidogo tu.

Je, barua ya daktari itaje ugonjwa wenyewe, au mahitaji tu: kula kwa saa maalumu, kipimo cha sukari ya damu na soda yenye sukari mfukoni? Na apewe nani kwanza, msimamizi au ofisi ya wafanyakazi?